Choo cha Pimbi na Jiwe la Mzee Masatu

Mnyama wa mwisho niliyeitwa kumtoa kwenye nyumba hakuwa mnyama. Alikuwa Mzee Masatu, mtu aliyenifundisha kazi hii, na aliyeniita ni binti yake Vero, fundi cherehani wa Bunda. Nilikuwa nimeshastaafu, nimekaa zangu nyumbani Buhemba napukuchua mahindi, simu ikaita.

"Dada Ghati, baba amenishinda," Vero akasema. "Wewe ndiye anayekusikilizaga. Njoo umtoe kwenye ile nyumba kabla haijamuua."

Nyinyi vijana mnaopanda mapaa ya watu siku hizi kutoa popo, kenge na tumbili mliniomba niwasimulie tulivyokuwa tukifanya zamani. Nitawasimulia, lakini nitaanzia kwa Mzee Masatu na nitaishia kwake, na hapo katikati nitazurura kidogo. Mnanijua, sijawahi kusimulia jambo kwa njia iliyonyooka.

Mzee alikuwa akiishi peke yake Bweri, kwenye nyumba ndogo ya bati iliyobanwa na majabali. Mkewe, Mama Vero, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Macho ya mzee yalikuwa yanazimika polepole. Alishaanguka kwenye mawe akachubuka uso, halafu siku moja akasahau jiko la mkaa karibu na godoro, na bila majirani kuona moshi tungekuwa tunasimulia mengine. Watoto wake wakaja na gari, wakambeba mzimamzima na shuka lake, wakampeleka kwa Vero. Kesho yake mzee akatoka getini akipapasa, akasimamisha lori la viazi lililokuwa linaelekea Musoma, akakaa mbele na dereva kama bosi, na mchana alikuwa Bweri amewasha jiko lake.

Vero alikuwa na haki ya kuogopa. Na mzee alikuwa na haki ya kukaa kwake. Mimi niliombwa niingie hapo katikati, na nilipokata simu nilibaki nimeshika gunzi mkononi.

Nilimfahamu Mzee Masatu kwa sababu ya kenge. Nilikuwa binti, mfagizi wa gesti moja ya Musoma mjini, karibu kabisa na ziwa. Asubuhi moja kenge mkubwa aliingia jikoni akifuata harufu ya matumbo ya sato. Mpishi akapanda juu ya meza na mwiko wake. Mhudumu akarukia nje kupitia dirishani. Mwenye gesti akawa anadai aletewe panga, lakini alikuwa anadai akiwa nje ya geti. Mimi nikabaki nimebanwa kati ya friji na ukuta, siwezi mbele wala nyuma.

Akaingia mwanamume mfupi, amevaa gambuti na kofia ya sweta joto lote lile la Musoma, amebeba pipa la plastiki. Hakumwangalia kenge hata kidogo. Aliangalia ukuta.

"Kenge akiogopa anafuataga ukuta," akasema taratibu, akalaza pipa chini, mdomo wake ukigusa ukuta. "Wewe binti, piga hatua moja. Moja tu, usikimbie."

Nikapiga hatua. Kenge akashika njia ya ukutani, akaona giza la pipa, akaingia mwenyewe. Mzee akalisimamisha pipa, akafunika kwa gunia, kazi ikaisha. Tukamwachia kwenye matete ya ziwani, akaondoka bila kugeuka.

"Wenzako wote wamekimbia, wewe umebaki," mzee akaniambia. "Unataka kazi?"

"Mzee, sikubaki. Nilikwama."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hata mimi nilianzaga hivyo hivyo," akasema.

Ndivyo nilivyoanza. Mwanamke kwenye paa la watu, enzi zile! Nikipanda ngazi na suruali yangu ya kaki, kina mama wanatoka majikoni kuja kutazama, na wazee wanageuza vichwa kwa aibu. Mzee Masatu hakujali. Alinitania kwa mengine. Kwetu ni milimani, kwao ni ziwani, kwa hiyo kila nilipokamata fimbo alikuwa anasema, "Nyinyi watu wa milimani mnashikaga rungu kwanza, halafu ndiyo mnauliza jina." Na mimi namjibu kwamba watu wa ziwani wanaongea na samaki mpaka anaoza. Tuliishi hivyo miaka mingi, na nawaambia ukweli, naikumbuka ile mizaha kuliko nyoka wote niliowahi kuwashika.

Somo lake la kwanza lilikuwa kupiga hodi. Msicheke. Kabla hujagusa dari ya mtu, unagonga kwa vidole, unasema hodi, unatulia, unasikiliza. Dari itakujibu kwa namna tatu. Ukisikia mbio, huyo hana mzigo, ukimfungulia njia ataondoka. Ukisikia kitu kinasogea kidogo halafu kimya, huyo ana watoto au ana kitu anachokilinda, na huyo humgusi, unarudi siku nyingine. Na dari ikiwa tupu utaisikia tu, inakurudishia sauti ya mkono wako mwenyewe. Hapo ndipo unaziba tundu. Usizibe kabla. Mzee alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko jingine lolote, maana ukiziba mapema unamfungia mtu na wanawe ndani wafe kwa kiu, na mwenye nyumba atakuita tena kwa sababu ya harufu.

Nakumbuka kanisa moja upande wa Butiama lililojaa popo. Paroko alitaka watoke haraka kwa sababu Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara. Mzee akapanda, akagonga, akasikiliza, akashuka anatikisa kichwa.

"Baba Paroko, humu ndani kuna akina mama wananyonyesha."

Paroko alidhani ni utani. Mzee akamwita juu, akamwonyesha vitoto vilivyong'ang'ania matiti ya mama zao, vingine havina hata manyoya. Paroko akashuka, vumbi limemjaa kwenye kanzu. Tukatandaza turubai juu ya altare, na kipaimara kikafanyika hivyo hivyo, popo juu, Askofu chini. Akina mama wa kwaya waliokaa nje ya turubai waliimba wamejifunika khanga vichwani. Vitoto vilipojua kuruka ndipo tukarudi na wavu. Tuliufunga juu ya tundu, chini tukauacha ukining'inia. Popo anatoka kwa kutambaa kuelekea chini, anaruka, akirudi anakuta wavu mahali alipozoea mlango. Anazunguka, anachoka, anatafuta kwingine. Hakufa hata mmoja.

Siku hizi nyinyi mna kamera ya kwenye waya, mnaichomeka kwenye tundu mnaona kila kitu kwenye simu mkiwa mmekaa kwenye kiti. Naipenda sana ile kamera, ningekuwa nayo goti langu lisingekuwa hivi. Ila bado pigeni hodi.

Sasa niwaambie ya Bunda, mnicheke vizuri. Kulikuwa na mgahawa jirani na soko, na tumbili mmoja dume mwenye mkia uliokatika, tukamwita Mkia Nusu. Alikuwa anaingia jikoni anachukua chapati moto, anazipuliza kwanza, ndipo anakula. Mzee Masatu alikuwa mgonjwa wiki hiyo, nikajiona fundi kamili, nikaenda peke yangu. Nikatega kizimba kwa ndizi mbivu, nikamkamata, nikampakia kwenye pikapu mpaka vilima vya Balili, nikamfungulia mlango nikamtakia maisha mema. Nilirudi mgahawani kifua mbele. Mwenye mgahawa, kwa furaha, akanikaribisha supu na chapati. Nikanawa mikono, nikageuka, chapati hazipo, na Mkia Nusu yuko juu ya bati ananitazama huku anapuliza.

Nilipomsimulia mzee kitandani kwake, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. "Ghati, ukimbeba mnyama, umebeba mwili tu. Akili yake umeiacha pale pale, itabidi airudie." Tulipokwenda tena hatukumshika. Tulimshauri mwenye mgahawa aweke waya dirishani, afunike pipa la taka, asipikie nje. Mkia Nusu akaona hakuna faida, akaondoka.

Kuhusu pimbi, wale wanyama wadogo wa kwenye mawe wenye umbo la sungura, Mzee Masatu alikuwa profesa. Bweri imejaa mawe, na watu walipoanza kujenga huko, walijenga katikati ya koo za pimbi zilizokuwepo kabla ya ramani. Pimbi wakaona dari ni pango zuri, wakahamia. Mama mmoja akatuita analia, dari imelowa mkojo, harufu huwezi kumkaribisha mgeni. Nilidhani tutapanda juu. Mzee akanipa gunia na koleo.

"Zoa mavi yao," akasema. "Yale makavu na yale mabichi. Usibague."

Pimbi, kama hamjui, hujisaidia mahali pamoja, ukoo mzima, mpaka jiwe linageuka jeupe. Choo ndiyo kwao. Mzee alikuwa ameshatafuta rundo lingine la mawe, mbali kidogo na nyumba, lenye nyufa nyembamba ambazo mbwa haingii, na linalopata jua la asubuhi. Huko ndiko gunia lilikotakiwa kwenda. Kijana wa bodaboda aliyenibeba aliuliza kama ni mbolea. Nikamwambia ni fanicha, watu wanahama. Hakuuliza tena, lakini alikuwa anaendesha kichwa kimegeukia upande.

Tukamwaga kile kinyesi kwenye mawe mapya, tukakitawanya vizuri, tukaenda zetu. Mwenye nyumba alitusema mtaa mzima, kwamba ameita mafundi wameletwa wazoa mavi. Lakini asubuhi baada ya asubuhi pimbi wakaanza kwenda kunusa, wakakaa huko kuota jua, wakazoea. Siku mzee alipogonga dari na kusikia sauti ya mkono wake mwenyewe, tukaziba kwa waya wa kuku na mawe.

"Hamisha choo kwanza," akaniambia huku anapiga misumari. "Mwenyewe atafuata."

Haya. Turudi kwenye simu ya Vero.

Nilipanda gari mpaka Bweri. Nikafika mlangoni, nikapiga hodi. Ndani nikasikia kiti kinasogea kidogo, halafu kimya. Nilikijua kile kimya. Kama ningekuwa juu ya paa ningeshuka niondoke. Nikaamua nisisukume mlango. Pembeni yake kulikuwa na jiwe bapa, pana kiasi cha meza ya kulia, nikakaa hapo.

Mlango ukafunguka kwa nguvu. "Nani amekaa hapo? Hapo panakaliwa!"

"Ni mimi mzee. Ghati. Shikamoo."

Uso ukalegea. "Marahaba. Wamekutuma."

"Wamenituma."

"Umekuja na pipa?"

"Nimekuja na maandazi."

Akacheka, akapapasa ukuta, akaja kukaa. Nilisogea nikamwachia mahali pake. Alikuwa amekonda, jamani. Yale mabega yaliyokuwa yananibebea ngazi yalikuwa yamebaki mifupa. Alikula andazi taratibu, na pimbi wakatoka mmoja mmoja juu ya majabali kututazama.

"Hili jiwe unalijua?" akauliza. "Mama Vero ndiye aliyeliletaga hapa, akaanikia dagaa. Mimi nilikuwa nalalamika linaziba njia. Sasa sikia. Nikikaa hapa, jua la asubuhi linanipiga shavu hili la kushoto. Mlango uko mkono wa kulia. Ziwa liko mgongoni, nalisikia. Basi najua niko wapi. Kule kwa Vero walinikalisha barazani kwenye tailizi, ukuta huku, ukuta huku. Niliamka nikatafuta jua, sikulipata. Ghati, mimi mtu mzima nilipotea uani. Nililia nikiita jina la mama yao, na mtoto wangu ananisikia."

Mzee huyu alikuwa anaweza kukuambia kwa kugonga tu kama juu kuna kanu wa porini au paka wa nyumbani. Nilimshika mkono, na tukakaa hivyo mpaka maandazi yakaisha.

Sikumtajia kuhama. Nilimwambia tu, "Mzee, naliomba hili jiwe."

"Unalipeleka wapi?"

"Bunda."

Alilipapasa ukingoni, pale lilipomeguka. Nilidhani atanifukuza.

"Chini yake weka mchanga," akasema mwishowe, "lisichezecheze. Na mlango uwe mkono wa kulia."

Vijana wa mtaa walilipakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Jiko la mkaa nililibeba mimi, nikamwomba jirani awe anamletea chakula. Vero alipofungua geti akashika kichwa.

"Dada, nimekuambia umlete baba, umeniletea jiwe?"

"Lipokee kwanza," nikamwambia. "Na mkasi wa kukatia miti unao?"

Uzio wake wa michongoma upande wa mashariki ulikuwa mrefu kuliko mtu, ndio uliokuwa unazuia jua. Tulikata kutwa nzima, mimi na yeye, mikono ikajaa miiba. Tulipomaliza tukalilaza jiwe juu ya mchanga, na kesho yake asubuhi nikalikalia, jua likanipiga shavu la kushoto, mlango uko kulia. Ziwa tu ndilo sikuweza kulihamisha. Vero aliponiona nimekaa pale nimefumba macho, akaelewa, akaacha kuniuliza maswali.

Nikarudi Buhemba, tukasubiri. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, hakuna kamera itakayowasaidia. Vero alikuwa ananipigia simu kila jioni. Jiwe linakaliwa na kuku. Baba akianguka tena je? Na mimi, ambaye namwambia atulie, usingizi ulikuwa haunishiki. Nilijua nimemnyang'anya kipofu mahali pake pa kukaa, na kama asingefuata ningekuwa nimemwacha bila hapa wala kule.

Halafu ikaja simu ya asubuhi, Vero anacheka na kulia kwa pamoja. "Amekuja! Mwenyewe! Na lori la viazi!"

Ni dereva yule yule, alikuwa anarudi tupu kutoka Musoma. Nasikia alimshusha getini akisema mzee huyu hajulikani kama anatoroka au anarudi. Na mzee, kwenye nyumba ya mwanawe wa kumzaa, hakuingia mpaka alipogonga geti na kupiga hodi.

Nilipofika Bunda nilimkuta ameshakaa, kofia ya sweta kichwani, cherehani ya Vero inalia barazani nyuma yake. Alinitambua kwa hatua zangu.

"Wewe mtu wa milimani," akasema, "umenihamishia choo."

"Nilifundishwa na mtu wa ziwani, mzee."

Akacheka, akajipigapiga paja, machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona. Kisha akawa fundi tena, sauti ikakaza. "Umeshaziba kule?"

"Bado."

"Vizuri. Nenda ukagonge kwanza."

Nikaenda Bweri. Jua lilikuwa limeshapanda, pimbi wamejipanga juu ya majabali, na pembeni ya mlango palibaki alama ya jiwe kwenye udongo. Niligonga kwa vidole, nikasema hodi, nikatulia kama alivyonifundisha. Sikusikia mbio. Sikusikia kiti kikisogea. Nyumba ilinirudishia sauti ya mkono wangu mwenyewe. Nililia, siwafichi, nimeegemeza paji la uso kwenye ule mlango, na pimbi wananitazama. Kisha nikachukua nyundo na waya, nikauziba.